HERMANN HESSE: KIJANA ALIYETOROKA SHULE

Kwa kawaida kurasa hizi hubeba maisha ya malenga wetu wa pwani au ya mashujaa waliopigania uhuru, na ni vyema iwe hivyo. Mwaka huu nimeomba nafasi niwaletee mtu wa mbali, Mjerumani kwa kuzaliwa, aliyefariki mwaka wa 1962 hata wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Jina lake ni Hermann Hesse. Alikuwa mwandishi wa riwaya na mashairi, na mwaka wa 1946 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Lakini si tuzo iliyonivuta. Kilichonivuta ni kwamba alipokuwa na miaka 14, yaani mdogo wangu kwa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa sonona, na karibu watu wote waliompenda waliutazama wasiujue.

Kabla sijaendelea, hebu nieleze sonona ni nini, maana kuna watakaosema ati ni ugonjwa wa wazungu. Sonona si ile huzuni ya kupata alama 18 katika karatasi ya Hesabu. Hiyo hupita ukishapata chai na maandazi. Sonona hukaa. Daktari huanza kuifikiria pale mtu anapokaa majuma mawili na zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni au hana hamu ya chochote, hata vile vitu alivyovipenda. Usingizi unampaa au unamzidi, chakula hakimwendi, masomo hayashikiki, na anajiona hafai kitu. Kwa sisi vijana kuna jambo jingine: mara nyingi sonona haiji na machozi, inakuja na hasira. Kijana anakuwa mkali, anajibu wakubwa vibaya, anahepa shule, anaumwa na kichwa au tumbo na zahanati haioni kitu. Ndipo watu husema ameharibika. Shikilieni hapo, kwa sababu ndivyo hasa alivyosemwa Hesse.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1877 katika mji mdogo uitwao Calw, jimbo la Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Babake, Johannes, alikuwa amefanya kazi ya umisheni Bara Hindi kabla ya kurudishwa na afya mbaya, na mamake, Marie, alizaliwa huko huko Bara Hindi. Babu yake mzaa mama, mzee Hermann Gundert, alikuwa bingwa wa lugha aliyetunga kamusi ya Kimalayalam iliyotoka mwaka wa 1872. Hapa wanachama wenzangu watafurahi kujua kwamba Ludwig Krapf, yule aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, alitoka jimbo hilo hilo la Württemberg, na wote wawili walipitia Misheni ya Basel. Kwa hiyo nyumba aliyolelewa Hesse ilikuwa kama ile ambayo mojawapo ya kamusi zetu za kwanza ilitoka. Vitabu vilijaa, lugha zilisemwa nyingi, na sala zilikuwa asubuhi na jioni.

Nyumba hiyo ilikuwa na upendo, tusiwasingizie. Lakini mtoto alikuwa mkali na mwenye akili nyingi kupita walivyoweza kumkabili. Alipokuwa na miaka sita tu, babake alikuwa tayari akiwaza kumpeleka alelewe kwingine. Babake mwenyewe alikuwa mtu wa kuumwa na kichwa mara kwa mara na mwenye kuzama katika huzuni. Siku hizi madaktari wanajua kwamba sonona huweza kufuata ukoo, ingawa si lazima impate kila mtoto. Zama zile hakuna aliyeketi akalinganisha kichwa cha baba na kichwa cha mwana.

Mwaka wa 1890 alipelekwa Göppingen, shule iliyojulikana kwa kuwatayarisha wavulana kwa mtihani wa jimbo. Mtihani huu ulikuwa mzito kuliko ilivyokuwa KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Aliyefaulu alisomeshwa bure na serikali, kwanza seminari, kisha chuo kikuu cha Tübingen, halafu anakuwa mchungaji au mwalimu. Njia yote ilikuwa imeshachorwa. Göppingen alimpata mwalimu mkuu mzee, Otto Bauer, ambaye alimpenda sana, na kwa ajili yake alisoma kwa bidii ya ajabu. Mwaka wa 1891 akafaulu. Fikirieni furaha ya nyumbani! Mwezi wa Septemba mwaka huo akaingia seminari ya Maulbronn, iliyokuwa katika jengo la kale la watawa lililoanzishwa mwaka wa 1147.

Miezi ya kwanza alikuwa sawa kabisa. Barua zake za nyumbani zilikuwa za mtoto aliyeridhika. Alisifu masomo, akatafsiri Kigiriki na Kilatini, akakaa na wenzake katika chumba kilichoitwa Hellas. Ndani ya moyo alikuwa na jambo moja ambalo ratiba ya shule haikuwa na nafasi nalo: tangu miaka 13 alikuwa ameamua atakuwa mshairi. Kwa mchungaji kulikuwa na shule na mitihani, kwa mshairi hakukuwa na njia yoyote iliyowekwa.

Tarehe 7 Machi 1892, baada ya chakula cha mchana, akatoka shuleni bila koti na bila pesa, akaenda zake. Walimu wakamtafuta msituni. Usiku ule ulikuwa wa baridi ya kugandisha maji, naye alilala nje mashambani. Siku ya pili askari mmoja akampata na kumrudisha. Alipoulizwa kwa nini ametoroka hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Nadhani hapa ndipo watu wazima wengi hukosea hesabu. Wanataka sababu. Nani amekukosea? Umeiba? Una msichana? Wakati mwingine mtoto hana sababu ya kuitaja kwa sababu kinachomwuma hakijapata jina.

Shule ikampa adhabu ya kufungiwa chumbani saa kadhaa, kama sheria ilivyotaka. Mamake aliandika katika shajara yake jinsi alivyohofia kwamba mwanawe ameanguka dhambini. Baada ya hapo hali ikawa mbaya zaidi. Usingizi ukamwia mgumu, kichwa kikamwuma, akawa mnyonge. Baadhi ya wenzake wakaanza kumkwepa, kana kwamba ana tetekuwanga. Mwezi wa Mei wazazi wakamwondoa.

Kuna mtu mmoja tu katika habari hii yote ya mwaka wa 1892 ambaye ninampenda bila masharti, naye ni yule babu, mzee Gundert. Hesse alirudi nyumbani akiogopa kwenda kumwona babu kuliko kitu kingine, kwa sababu babu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo na mtu wa dini aliyeheshimiwa na mji mzima. Akaingia katika chumba kile cha vitabu akitetemeka, akingoja mahubiri. Mzee akamtazama, akatabasamu, akamtania kwamba amesikia amekwenda kasafari kadogo ka mtu mwenye kipaji. Basi. Hakumhoji, hakumkemea. Hesse aliikumbuka siku hiyo hadi uzeeni mwake, ilhali ya mahubiri aliyopewa na wengine yalimzidishia uchungu tu.

Ole, babu hakuwa ndiye mwenye uamuzi. Wazazi walimpeleka kijana Bad Boll, kwa mchungaji Christoph Blumhardt aliyejulikana kwa kuombea wagonjwa. Huko akampenda msichana aliyemzidi umri kwa miaka mingi, akakataliwa. Mwezi wa Juni 1892, akiwa hajatimiza miaka 15, alijaribu kujiua. Alinusurika. Mchungaji akakasirika, akaona ni uovu, na kijana akapelekwa Stetten, katika makao ya watu wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa maana ndipo nilipotaka kufika. Mtu ametoka kutaka kufa, na anachokipata ni ghadhabu. Tusidhani ni mambo ya Ulaya ya zamani. Hapa kwetu Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo kaka na dada zetu waliotangulia waliweza kutolewa hospitalini wakapandishwa kizimbani. Mtu kama huyo angemwambia nani kwamba bado anaumwa?

Na kuna hofu nyingine tuliyo nayo, wanafunzi na walimu vilevile, ya kwamba ukimwuliza mwenzako kama anawaza kujiua utakuwa umemtia wazo hilo kichwani. Wataalamu wameichunguza hofu hii na wakaona haina msingi. Kumwuliza waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili, humpunguzia mzigo. Lisilofaa ni kumwahidi kwamba utaifanya siri. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake, na umtafute mtu mzima upesi, awe mzazi, mwalimu wa ushauri nasaha au muuguzi. Na kwa yeyote asiye na mtu wa kumwendea, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana.

Darasani mwetu kuna mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi. Muhula wa kwanza alikuwa ndiye mchekeshaji wetu, na katika mchezo wa kuigiza wa tamasha alipewa mzee mlevi akatuvunja mbavu. Muhula wa pili akanyamaza. Alianza kuchelewa, halafu kukosa Ijumaa, halafu kukosa juma zima. Waliokaa nyuma walisema anaringa. Sisi wa shule ya kutwa tuna shida yetu, jioni kila mtu anashika njia yake na hakuna matroni wa kuona nani hajala. Mimi na yeye tunapitia njia moja hadi kwenye soko, kwa hiyo niliona kwamba hata pesa zake za chipsi alikuwa anarudi nazo. Siku moja mwalimu mmoja, badala ya kumtuma alete mzazi, alimwita wakaketi chini ya mwembe, akamwuliza tu analala saa ngapi. Hilo ndilo swali. Saa ngapi unalala. Alilia. Sasa huenda kliniki kila mwezi, na mtihani wa mwisho wa muhula tuliufanya naye. Hajawa mchekeshaji tena, bado, lakini chipsi anakula.

Tumrudie Hesse. Stetten alipewa kazi ya bustani na ya kuwafundisha watoto wa makao yale, na kazi yenyewe haikumdhuru. Kilichomdhuru ni kuona kwamba wazazi wamemtupa. Mwezi wa Septemba 1892 alimwandikia babake barua kali ajabu. Akamwita bwana mheshimiwa, kama mtu anavyomwandikia afisa asiyemjua, na mwishoni akajitia sahihi kama mfungwa. Nikisoma habari za barua hiyo namwonea huruma kila mmoja. Baba alisoma utovu wa adabu. Lakini mwana aliyekuwa anaandika vile alikuwa anaomba, kwa njia mbovu, ya kijana wa miaka 15, arudishwe nyumbani.

Mwezi uliofuata alipelekwa Basel kwa mchungaji Pfisterer, aliyemfahamu tangu utoto na aliyekuwa mpole. Akatulia kiasi. Kisha akajaribiwa tena shule, huko Cannstatt, ambako mambo yalivurugika upya. Alifanya mtihani mmoja mwaka wa 1893 akapita, halafu masomo ya darasani yakaisha kabisa. Mwaka huo babu naye alifariki. Akatiwa katika duka la vitabu huko Esslingen akakaa siku tatu tu, akahepa. Watu wa Calw walikuwa wameshatoa hukumu: mtoto wa misheni ameoza.

Ilichukua muda na haikuwa dawa moja. Mwaka wa 1894 aliingia kama mwanagenzi katika karakana ya Perrot hapo Calw, iliyotengeneza saa kubwa za minarani. Alipiga tupa na nyundo kwa zaidi ya mwaka. Wenzake wa zamani walikuwa wakiendelea na Kigiriki chao, naye ana mafuta mikononi, tena katika mji unaomjua. Huenda aliona aibu. Lakini kulikuwa na saa za kazi zinazojulikana, mwili uliochoka jioni, watu wasiomhoji kuhusu roho yake, na usiku alisoma katika maktaba kubwa ya babu. Mwezi wa Oktoba 1895 akaanza tena uanagenzi wa duka la vitabu, safari hii Tübingen katika duka la Heckenhauer, na hakuhepa. Alikaa hadi akahitimu. Karakana ile hakuisahau. Katika riwaya yake kubwa ya mwisho, iliyotoka mwaka wa 1943, alimpa mhusika mmoja muhimu jina la Perrot, mtu wa Calw.

Mwaka wa 1904 riwaya yake Peter Camenzind ilimpa jina, na mwaka wa 1906 ikatoka Unterm Rad, maana yake Chini ya Gurudumu. Humo kuna mvulana aitwaye Hans Giebenrath, hodari wa kijiji, ambaye walimu, mchungaji na baba wanamsukuma mpaka anashinda mtihani ule ule wa jimbo. Wanamnyima kuvua samaki, wanamnyima sungura wake, wanamwongezea masomo ya likizo. Kichwa kinaanza kumwuma. Kila dalili imo, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mkubwa anaiona na kuiita uvivu. Hans haponi. Nauliza, kwa heshima zote kwa walimu wangu, kama kitabu hicho kisingefaa kuwekwa katika chumba cha walimu, karibu na ile orodha ya wastani wa alama.

Jina la Hans hakulitoa hewani. Hesse alikuwa na mdogo wake, Hans Hesse, aliyezaliwa mwaka wa 1882. Huyu hakutoroka shule. Hakuandika barua za matusi. Aliwaogopa walimu na akaumia kimya, akakua, akawa karani Uswisi, akaoa, akapata watoto. Mwaka wa 1935 alijiua. Hermann, ambaye alipiga kelele tangu utoto, alitafutiwa msaada, ingawa mwingi ulikuwa msaada mbaya. Hans hakumsumbua mtu, kwa hiyo hakuna aliyemshughulikia. Kila nikiwaza habari za ndugu hawa wawili nawaza zile safu za mbele darasani, za wanafunzi wanaoandikiwa katika ripoti kwamba ni watulivu na wenye nidhamu.

Ugonjwa ulimrudia Hermann ukubwani. Mwaka wa 1916 babake alifariki, mtoto wake mdogo alikuwa mgonjwa, na akili ya mkewe ilianza kutetereka. Safari hii alikwenda mwenyewe kwa daktari, Josef Lang, karibu na mji wa Luzern, na matibabu yenyewe yalikuwa mazungumzo, mara nyingi, kwa miezi mingi. Alianza pia kuchora kwa rangi, ijapokuwa hakuwa amesomea. Siku hizi vijana wenye sonona hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, na wengine huongezewa dawa. Alikuwa na miaka 38 alipopata kwa hiari alichokihitaji akiwa na 14. Kutoka wakati huo zikaja riwaya zilizompa sifa duniani, Demian mwaka wa 1919, Siddhartha mwaka wa 1922 na Der Steppenwolf mwaka wa 1927.

Kuanzia mwaka wa 1919 aliishi Montagnola, kijiji cha Uswisi upande wa Kiitaliano. Kwa umaarufu wake wageni walimzidi, hata akaweka kibao mlangoni kuomba asitembelewe. Lakini barua alizijibu. Ziliingia kwa maelfu, nyingi za vijana waliosoma vitabu vyake na kuona kwamba kuna mtu anayewajua, wengine wakimwambia mambo ambayo nyumbani kwao hawakuyatamka. Macho yalimwuma sana uzeeni, na bado alizijibu, miaka nenda miaka rudi. Alifariki tarehe 9 Agosti 1962, usingizini, nyumbani kwake, akiwa na miaka 85, akazikwa katika makaburi ya Sant'Abbondio, karibu na hapo.